Nani Kasema Mlaji Wetu Hajali?

Kuna sentensi nimeisikia katika vikao vingi vya mifugo kiasi kwamba siku hizi naisubiri. Huja pale mtu anapouliza kwa nini nyama inayoning'inia buchani haisemi imetoka wapi, au kwa nini kuku wa wiki tano anauzwa bila yeyote kueleza alipewa dawa gani na lini. Anajibiwa: "Mlaji wetu anaangalia bei tu. Hayo mengine ni mambo ya Wazungu." Nimeisikia kwa maofisa, kwa wawekezaji na kwa wataalamu wa miradi, na inaniuma zaidi ninapoisikia kwa waandishi wenzangu. Vichwa vinatikiswa, kikao kinahamia ajenda inayofuata.

Nasema ni uongo. Tena ni uongo wenye gharama, na wanaoulipia ni mchungaji aliye porini na mama anayepika.

Nianze na nilichokiona. Siku mbili kabla ya Idi nilimsindikiza shangazi yangu kununua kuku Kisutu, Dar es Salaam. Kijana alitoa kuku tengani akamkabidhi, akasema ni wa kienyeji halisi, kaja jana kutoka Singida. Shangazi alimshika mbawa, akampulizia manyoya ya kifuani hadi ngozi ikaonekana, akabonyeza kidari kwa kidole gumba. Kisha akamgeuza kichwa chini, akatazama kucha kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mwanangu, huyu hajawahi kuchakura."

"Haki ya Mungu, mama, huyu wa Singida."

"Kuku aliyechakura kucha zake butu. Tazama hizi, ndefu kama za bibi harusi. Huyu kalelewa bandani."

Kijana akacheka, akamrudisha tengani, akaingia nyuma na kuja na mwingine mdogo, mwenye miguu iliyokakamaa. Huyo ndiye aliyenunuliwa, kwa bei ambayo ingetosha kuku wawili wa kisasa na chenji ikabaki. Nyumbani shangazi alipopasua firigisi alinionyesha bila kusema neno: changarawe, punje za mtama na kitu kilichokuwa mdudu. Alikuwa anahakiki alichouziwa.

Shangazi yangu hana neno "uendelevu" mdomoni mwake, na sidhani amewahi kuulizwa na mtafiti. Lakini ametumia dakika ishirini na fedha nyingi kutafuta kuku aliyeishi maisha ya kuku. Kama huko si kujali jinsi mnyama alivyofugwa, basi tuelezwe kujali ni nini.

Wala hayuko peke yake. Nenda soko lolote la Dar es Salaam, Arusha, Mombasa au Nairobi utakuta kuku wa kienyeji anauzwa mara mbili, hata mara tatu, ya bei ya kuku wa kisasa. Ametumia miezi mitano au sita kukua wakati mwenzake wa bandani hamalizi wiki sita. Ni mdogo zaidi, nyama yake ngumu zaidi, anakula gesi nyingi jikoni. Mtu anayeangalia bei tu asingemgusa. Na bado anaisha sokoni.

Ushahidi mkubwa kuliko wote ni ule ambao wachumi wetu hawautazami: kughushi. Kuku chotara, kina Sasso na Kuroiler, wanalelewa bandani kwa chakula cha mfuko halafu wanapelekwa sokoni kwa jina la kienyeji. Sina ugomvi na chotara. Ni kuku mzuri, na kina mama wengi vijijini wamesomesha watoto kwa mayai yake. Ugomvi wangu ni na jina la kuazima. Hakuna anayeghushi kitu kisichotakiwa. Muuzaji anayedanganya kuhusu asili ya kuku anajua, kwa uzoefu wa kila siku, kwamba mteja wake anajali asili hiyo na yuko tayari kuilipia. Tapeli wa sokoni amemwelewa mlaji wetu kuliko mtaalamu wa kikaoni.

Sasa, mpinzani wangu makini, maana wapo makini, atasema hivi: shangazi yako anajali ladha na afya yake mwenyewe. Hajali mnyama, hajali ardhi. Hiyo ndiyo hoja nzito pekee ya upande wa pili, na haifai kupitwa haraka.

Jibu langu la kwanza ni halali. Kwa karne nyingi mlaji wa pwani yetu, na leo wa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, amekataa kula nyama ambayo hajui imechinjwa na nani na vipi. Tafakari uzito wa jambo hilo. Huwezi kuiona halali kwenye kipande cha nyama. Haina rangi, haina harufu, haiongezi ladha. Ni habari kuhusu mchakato tu: kisu kinolewe vizuri na kisinolewe mbele ya mnyama, asichinjwe huku mwenzake akitazama, asiburutwe kwenda machinjioni, asichunwe kabla hajatulia. Hayo ni mafundisho ya ustawi wa mnyama, yaliyofundishwa misikitini karne nyingi kabla ya neno hilo kuingia kwenye andiko la mradi wowote. Na mlaji ameyashikilia hata pale yanapomgharimu, kwa sababu atapita bucha la karibu lenye bei nafuu akienda kwa mchinjaji anayemwamini.

Ona pia Idi ya kuchinja. Mnyama wa udhia asiwe chongo, asiwe kiguu, asiwe mgonjwa, asiwe amekonda hadi mifupa haina uboho. Ng'ombe awe ametimiza miaka miwili, mbuzi mwaka. Kuna kanuni gani ya ubora iliyo wazi kuliko hiyo, na inayofuatwa na watu wengi zaidi, bila mkaguzi wala faini? Kilimanjaro nako, familia inayorudi nyumbani Krismasi hainunui tu ng'ombe wa kugawana. Inauliza amelishwa na nani, kwenye zizi lipi, kwa majani gani. Watu hawa wote ndio "mlaji wetu". Ukisema wanaangalia bei tu, unazungumza juu ya watu wa kubuni.

Jibu langu la pili ni kwamba kutenganisha afya ya mlaji na maisha ya mnyama ni kosa la wanaoandika dodoso. Kwa shangazi yangu ni kitu kimoja. Kuku aliyetembea, akala alichokitafuta, hakuhitaji dawa kila wiki. Kwa hiyo nyama yake ni salama. Huo ni mnyororo kamili wa sababu, na kwa sehemu kubwa ni sahihi. Mifugo inayosongamana bandani huugua, inayougua hupewa antibiotiki, na antibiotiki zinazouzwa kwenye duka la pembejeo bila cheti cha daktari wa mifugo hutumika ovyo. Muda wa kusubiri kati ya dozi ya mwisho na kuchinja huheshimiwa na nani, ikiwa siku ya soko ni kesho? Usugu wa vimelea unaozaliwa hapo haubaki bandani.

Kuna mahali mlaji amekosea, na sitamtetea hapo. Imani kwamba kuku wa kisasa wanachomwa homoni haina msingi. Wanakua haraka kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa vizazi kwa vizazi na chakula chenye protini nyingi. Lakini kabla hatujamwita mjinga, tukumbuke yaliyotokea Uganda. Kwa miaka mingi mtu akisema nguruwe na kuku wananenepeshwa kwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aliambiwa anaeneza uvumi. Mwaka 2023 maofisa wa Mamlaka ya Taifa ya Dawa ya nchi hiyo waliiambia kamati ya Bunge kwamba jambo hilo lilikuwepo, na kwamba mamlaka ililijua kwa miaka kadhaa. Mlaji alikuwa na hofu, na wenye taarifa walikuwa wamekaa kimya. Uvumi hustawi pale habari inapofichwa. Ukitaka uishe, toa habari.

Kenya nao walipata somo lao Julai 2019, kituo cha NTV kiliporusha uchunguzi uliopewa jina la Red Alert, ukionyesha nyama ikitiwa kemikali ya sodiamu metabisalfaiti katika maduka makubwa ili ibaki nyekundu kana kwamba imechinjwa leo. Wateja waliyakimbia majokofu yale, na maofisa wa afya wakaanza kufunga mabucha ya ndani ya maduka hayo. Watu hao hao, wanaosemwa hawajali chochote ila shilingi, walibadili mahali pa kununua nyama mara tu walipoonyeshwa ukweli. Walikuwa wanasubiri kuambiwa.

Na hao Wazungu tunaoambiwa ndio wenye moyo wa kujali, hebu tuwatazame kwa karibu. Ulaya pia watafiti wamegundua, tena mara nyingi, kwamba mtu akiulizwa mlangoni mwa duka anasema ustawi wa mnyama ni muhimu sana, kisha anaingia ndani na kuchukua yai la bei ya chini. Hakuna aliyehitimisha kwamba Mjerumani hajali. Walitunga sheria. Tangu 2004 yai linalouzwa madukani katika Umoja wa Ulaya hupigwa muhuri wenye tarakimu: 0 ni la kilimo hai, 1 la kuku anayetoka nje, 2 la kuku wa bandani asiye kizimbani, 3 la kuku wa kizimba. Mtoto wa shule anaweza kusoma. Mwaka 2006 antibiotiki za kukuzia mifugo zikapigwa marufuku. Mwaka 2012 vile vizimba vya zamani, ambamo kuku hakuweza kunyoosha bawa, vikaondolewa kisheria. Na nyama ya ng'ombe ilianza kulazimika kueleza nchi alikozaliwa mnyama, alikofugwa na alikochinjwa baada ya hofu ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uliotikisa Uingereza mwaka 1996.

Kilichomtofautisha mlaji wa Ulaya na shangazi yangu ni muhuri. Yeye anasoma tarakimu. Shangazi inabidi asome kucha.

Tanzania tunayo sheria. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ilipitishwa mwaka 2010, na tumeona kampeni za kuvisha ng'ombe hereni, ya karibuni ikiambatana na chanjo ya kitaifa iliyoanza 2025. Naziunga mkono, pamoja na malalamiko ya haki ya wafugaji kuhusu gharama. Lakini hebu mfuate ng'ombe mwenye hereni kutoka mnadani hadi bucha la mtaani kwako. Hereni iko sikioni, na sikio linabaki machinjioni. Kinachofika kwenye ndoano ni paja lenye muhuri wa mkaguzi unaosema nyama hii inafaa kuliwa. Inatoka wapi? Kimya. Bucha ukimuuliza anakutajia Pugu, yaani mnada aliponunulia, ambako wanyama wa mikoa mingi wamekwisha kuchanganywa.

Gharama ya kimya hicho inaonekana vizuri Shinyanga. Mkoa ule ulifikia kuitwa jangwa: misitu ilifyekwa tangu enzi za ukoloni kupambana na mbung'o, ikafuata pamba, na uhamishaji wa vijiji wa miaka ya 1970 ukavuruga utaratibu wa zamani wa Wasukuma uitwao ngitili. Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza na kufunguliwa katikati ya kiangazi, kwa amri ya wazee na kwa faini kwa anayekiuka. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza 1986, ulifanya jambo la busara: ulirudi kwa wazee ukauliza walikuwa wanafanyaje. Katika muda wa chini ya miaka ishirini ngitili zilirudi kwenye zaidi ya hekta 300,000. Miti ilirudi, kuni zikakaribia nyumba, asali na dawa za miti shamba zikapatikana tena. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Basi ng'ombe wawili wanashuka kutoka kwenye lori moja Pugu. Mmoja kakulia kwenye ngitili inayotunzwa na kijiji kizima. Mwingine katoka mahali palipolishwa hadi udongo ukabaki mtupu. Buchani wananing'inia pamoja, kilo kwa bei ile ile. Aliyefunga ngitili yake na kuvumilia kiangazi halipwi hata shilingi moja zaidi ya aliyemaliza majani. Kisha tunaitisha warsha kuuliza kwa nini wafugaji hawatunzi malisho.

Najua mengine yanayosemwa kuhusu ng'ombe wetu wa asili. Anachukua miaka minne au mitano kufikia uzito wa kuchinjwa, na kwa hiyo kwa kila kilo ya nyama anatoa methani nyingi kuliko ng'ombe anayenenepeshwa haraka. Ni kweli, na anayelitetea zizi la asili asilifiche hilo. Lakini hesabu hiyo ikiishia kwenye methani inaacha nje mengi: kwamba ng'ombe huyu anageuza majani ya nchi kame, ambako mahindi hayaoti, kuwa chakula, kwamba hali soya iliyosafirishwa wala nafaka ambayo mtu angekula, kwamba samadi yake inarudi shambani. Mlaji aelezwe yote mawili. Ninachokataa ni kumwamulia kwamba hataki kuelezwa.

Nimeshuhudia jinsi uamuzi huo unavyopatikana. Kijana mwenye kishikwambi alimsimamisha mama mmoja nje ya bucha, robo kilo ya mchanganyiko imefungwa kwenye karatasi mkononi mwake. "Mama, ungekuwa tayari kulipa zaidi kwa nyama yenye lebo?" Akasema hapana. Kidole kikagusa kioo, mama akahesabiwa miongoni mwa wasiojali. Nilimfuata hatua chache nikamuuliza kwa nini amevuka mabucha mawili kuja hili. Akanitazama kana kwamba nimeuliza swali la kitoto. "Huyu namjua. Nyama ya jana hanipi."

Hapo ndipo penye siri. Mlaji wetu anajali kupitia watu. Lebo amejifunza kutoiamini, na ana sababu, kwa kuwa yeyote mwenye mashine ya kuchapa anaweza kuandika "kienyeji" au "asilia" bila kuulizwa. Ana bucha wake, muuza maziwa wake, mama wa mayai wake. Maziwa ya ngamia yanayosafirishwa kwa basi kutoka Isiolo hadi Eastleigh, Nairobi, yamejenga biashara kubwa ya wanawake kwa msingi huo huo: mpokeaji anajua dumu hili limetoka kwa nani, na dumu lililochanganywa maji linamvunjia jina aliyelituma. Ukimuuliza mtu huyo kuhusu lebo akakataa, umepima imani yake kwa lebo. Kujali kwake hukukugusa.

Umaskini nao unatajwa sana, mara nyingi na watu wasiokuwa maskini. Ndiyo, mwenye elfu mbili mfukoni atanunua cha elfu mbili. Lakini hata yeye huchagua: anakula maharage wiki nzima ili Jumapili ale kitu cha maana. Hotuba za bajeti ya mifugo hutukumbusha kwamba Mtanzania anakula wastani wa karibu kilo 15 za nyama kwa mwaka wakati inashauriwa 50, na mjadala wote unakuwa jinsi ya kuongeza kilo. Mtu anayekula nyama kidogo namna hiyo ana sababu zaidi ya kutaka kujua kila kipande kimetoka wapi. Huyo ndiye wa mwisho kustahili kuuziwa nyama yoyote ilimradi nyama.

Wanaofaidika na ile sentensi ya kikaoni wanajulikana. Dalali anayechanganya mifugo hataki asili ijulikane. Muuzaji wa dawa hataki cheti kidaiwe. Mwenye banda kubwa hataki kuku wake wasimame kwenye meza moja na kuku wa Singida, kila mmoja na maelezo yake. Na ofisa anayepaswa kusimamia sheria ya 2010 hadi kwenye ndoano anapumua: kama mlaji hajali, basi hakuna anayedai.

Tuanze kudai. Hatuhitaji mtambo wa ajabu. Cheti cha kusafirishia mifugo tayari kinaandika wilaya alikotoka mnyama; wilaya hiyo iandikwe kwenye karatasi ya machinjio, na karatasi hiyo ibandikwe juu ya ndoano. Neno "kienyeji" lipewe maana kisheria, na anayelitumia kwa uongo atozwe faini kama anayepunja mizani. Duka la dawa za mifugo lidai cheti.

Na wewe msomaji, Jumamosi ukienda buchani, kabla muuzaji hajainua shoka muulize kwa sauti, wenzako kwenye foleni wasikie: ng'ombe huyu katoka wilaya gani? Akishindwa kujibu, mwambie utapita tena Jumamosi ijayo, na upite kweli.